Mashine Haikati: Maneno kwa Anayetafuta Mashine Yake ya Kwanza ya Kukereza Mbao

Mwenyekiti, ahsante. Ndugu zangu, hamjambo.

Naona macho ya wengi wenu yako kwenye mashine hii kuliko kwangu, na silaumu. Kipande cha mti kimeshafungwa, patasi ziko mezani. Lakini sitaiwasha mpaka nimalize kusema, maana najijua: ikishawaka hakuna atakayenisikiliza, hata mimi mwenyewe.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Neno hilo nimelikubali katika mambo mengi, isipokuwa hili lililotukusanya hapa. Mkulima akipata jembe baya atachelewa kumaliza na usiku viganja vitamuuma. Mkerezaji akipata mashine mbaya, gogo la kilo nne linaweza kumfuata usoni.

Nasema hivyo kwa sababu mashine yangu ya kwanza niliinunua kwa macho. Ilikuwa ndefu, imepakwa rangi upya inang'aa, na aliyeniuzia akaniongezea sanduku la patasi nane zilizopangwa kama meno mdomoni. Nilijiona nimepata. Kitanda chake, yaani ile sehemu ya chini inayobeba kila kitu, kilikuwa mabomba mawili membamba. Kasi yake ya chini kabisa ilikuwa mizunguko 850 kwa dakika. Siku ya pili nikafunga gogo la bakuli la inchi 11, bado lina pembe na ganda upande mmoja, nikawasha. Meza ikaanza kutembea. Nilikuwa bado naitafuta swichi gogo lilipochomoka, likapiga ukuta, likarudi na kupita kando ya goti langu. Baadaye nilikaa chini nikapiga hesabu: kwa kasi ile, ukingo wa gogo ulikuwa unakwenda karibu kilomita 45 kwa saa. Ni mwendo wa pikipiki, na pikipiki yenyewe haina breki.

Gogo lile lilinifundisha kuuliza swali moja tu kuhusu mashine yoyote ya kukereza: je, itauzungusha mti bila kuutikisa?

Katika kaburi la Petosiris huko Misri, lililojengwa takriban miaka 300 kabla ya Kristo, kuna mchoro uliochongwa ukutani ambao ni miongoni mwa picha za kale kabisa tulizonazo za kazi hii. Wako watu wawili. Mmoja anavuta kamba huku na huku ili kipande kizunguke. Mwingine ameshika patasi. Nawaomba mkumbuke picha hiyo mnapokwenda kununua, kwa sababu mota yenu, puli zenu, beringi zenu na chuma chote mtakacholipia ni yule mvuta kamba. Mashine haikati. Kinachokata ni makali, na makali yameshikwa na wewe. Mvuta kamba mzuri ni yule anayekuletea mti palepale, kila mzunguko, wala hayumbi.

Sasa tuitazame. Hiki cha kushoto chenye mota tukiite kichwa. Chuma kinachotokeza humo na kuzunguka ni shafti. Hiki cha kulia kinachoteleza kwenye kitanda ni mkia, nao unausukuma mti kwa ncha ili usitoke. Hapa katikati ni egemeo, mahali patasi inapolala.

Kabla hujauliza ukubwa wa mashine, jiulize unataka kukereza nini. Kazi zetu ni za koo mbili. Ukoo wa kwanza ni wa vitu virefu: mpini, mguu wa kiti, mchi. Hapo mti hubanwa kati ya kichwa na mkia, na nyuzi zake zinafuata urefu wa kitanda. Ukoo wa pili ni wa bakuli na sahani. Hapo nyuzi zimekatiza, kwa hiyo katika kila mzunguko mmoja patasi inakutana mara mbili na ncha za nyuzi na mara mbili na ubavu wake. Ndiyo maana bakuli linagonga na kurusha kuliko mpini, na ndiyo maana linadai mashine nzito zaidi.

Wauzaji watakutajia vipimo viwili. Cha kwanza ni kipenyo kinachoweza kuzunguka juu ya kitanda. Wakisema inchi 12, maana yake kutoka katikati ya shafti hadi kitandani ni inchi 6. Ila pale kikalio cha egemeo kinapopita chini ya mti nafasi hupungua, kwa hiyo bakuli la inchi 12 kamili kwenye mashine ya inchi 12 lisahau. Cha pili ni urefu kati ya ncha na ncha. Mguu wa meza ya kulia una sentimita 70 hivi, sawa na inchi 28, na mashine nyingi ndogo za kuweka juu ya benchi zina nafasi ya inchi 15 hadi 20. Usihuzunike. Nyingi kati yake zinakubali kipande cha kuongezea kitanda. Mguu wa meza utaukereza mwaka kesho. Mwaka huu utakereza mipini na vibakuli, tena vingi vitaishia jikoni kama kuni.

Kwa anayeanza, na hapa natoa maoni yangu, mwenye mengine atayatoa akipewa kipaza sauti, mashine ya juu ya benchi yenye kipenyo cha inchi 10 hadi 12 inatosha, mradi iwe nzito. Isiwe unayoweza kuibeba kwapani. Chuma cha kumimina hunyonya mtikisiko, bomba huuimba. Na benchi iliyo chini yake ni sehemu ya mashine: ifunge kwa bolti, tengeneza rafu chini, pakia mifuko ya mchanga. Urefu wa benchi uwe wa kukuletea shafti usawa wa kiwiko chako ukisimama wima. Watu hulaumu umri kwa maumivu ya mgongo, kumbe ni benchi fupi.

Kwenye kasi nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipoponea. Kila muuzaji atajisifu kwa kasi ya juu. Wewe muulize ya chini. Wakerezaji wengi wana kanuni ya kukumbuka: kipenyo kwa inchi, zidisha kwa mizunguko kwa dakika, jibu likae kati ya 6000 na 9000. Bakuli la inchi 10, basi, litataka mizunguko 600 hadi 900, na hiyo ni baada ya kuwa duara. Gogo ambalo bado lina pembe lianze chini ya hapo kabisa. Mpini wa inchi 2 unaweza kwenda 3000 na zaidi bila shida. Kwa hiyo mashine ambayo haishuki hadi 500, kwangu ni mashine ya mipini tu, hata kama picha kwenye boksi lake inaonyesha bakuli.

Kasi hubadilishwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuhamisha mkanda kutoka puli hadi puli. Ni ya polepole, inachafua mikono, lakini haiharibiki na inaacha nguvu ya mota kamili. Ya pili ni kitasa cha umeme unachokizungusha kama cha redio. Ni starehe, na kwa bakuli ni msaada mkubwa, maana unaongeza kidogo kidogo mpaka usikie meza inaanza kunung'unika, kisha unarudi nyuma. Ukipata yenye kitasa, hakikisha bado ina puli mbili au tatu ndani. Ukitaka nguvu kwa mwendo wa chini utahamisha mkanda, kwa sababu kitasa peke yake kikishushwa sana mota hulegea na patasi inausimamisha mti.

Mota yenyewe haina mengi. Nusu ya nguvu farasi, yaani wati 370 hivi, inatosha mipini. Bakuli za inchi 10 zinataka robo tatu hadi moja kamili, ambayo ni wati 746. Ila wanaonunua mashine kuukuu zilizotoka viwandani wasome kibao cha mota kabla ya kutoa fedha: kuna mota za fezi tatu, na nyumba nyingi zina fezi moja. Itakubidi ununue inveta, yaani kifaa cha kugeuza umeme wa fezi moja kuwa wa fezi tatu, au ubadilishe mota, na ule urahisi ulioufuata umekwisha.

Sasa kuna jambo ambalo halipo kwenye picha yoyote ya tangazo, na ndilo lililonitesa miaka miwili. Tazameni ncha ya shafti hii. Nje ina uzi wa skrubu. Ndani ina tundu linalokwenda likipungua. Tundu hilo linafuata mtindo unaoitwa Morse, kwa jina la Mmarekani Stephen Morse, na lina namba. Mashine nyingi za kisasa za kiasi hiki ni namba 2. Ndogo zaidi huwa namba 1. Uzi wa nje nao una vipimo vyake: inchi moja yenye mizunguko 8 kwa kila inchi, au inchi moja na robo yenye 8, au milimita 33 yenye hatua ya 3.5, yaani milimita 3.5 kutoka jino moja la uzi hadi jingine. Kila kitu utakachotaka kufunga kwenye mashine lazima kioane na uzi huo au tundu hilo. Uzi wangu mimi ulikuwa wa kipimo nisichokiona tena popote tangu siku hiyo. Sikuweza kununua kifaa chochote. Kila kimoja nilichongewa na fundi wa chuma, na bei yake ilinipita. Ujue uzi wa mashine yako kama unavyojua namba ya kiatu chako.

Ukifika kwa muuzaji, iwe mpya au kuukuu, fanya hivi huku umeme umezimwa. Weka ncha kwenye shafti na ncha kwenye mkia, sogeza mkia mpaka ncha zikaribie kubusiana. Zikipishana juu na chini, au kushoto na kulia, kipande chako hakitakaa katikati, na kutoboa tundu kwa kutumia mkia itakuwa ndoto. Kisha ishike shafti kwa mikono miwili, isukume na kuivuta. Ukisikia inacheza, beringi zimechoka, au hazijakazwa. Izungushe kwa kidole, usikilize. Sauti ya mchanga ni beringi. Kaza egemeo halafu liegemee kwa uzito wako: likiteleza, siku moja litateleza patasi ikiwa juu yake. Ingiza kidole ndani ya tundu la shafti. Liwe laini, lisiwe na mikwaruzo mirefu, kwa maana ncha haitashika. Rangi usiiangalie. Nawaambia mliokaa mbele, na nyuma nako mnisikie: rangi usiiangalie. Mashine kuukuu ya chuma kizito iliyopauka, ikipita majaribio haya, naitaka kabla ya mpya ya mabomba.

Haya, umepata mashine. Kama fedha yote imeishia hapo, umenunua mvuta kamba na huna patasi. Ningeomba uigawe fedha yako nusu kwa nusu kabla hujatoka nyumbani: nusu ya mashine, nusu ya vingine vyote. Wengi hawaniamini, wakirudi baada ya miezi sita tunaelewana.

Cha kushikia kwanza. Mashine nyingi huja na sahani ya chuma yenye matundu ya skrubu. Wanaoanza huidharau, lakini sahani iliyofungwa vizuri kwa skrubu nne nene ndiyo kishikio salama kuliko vyote kwa gogo la bakuli. Baadaye utatamani chaki. Si ya ubaoni, ni ile yenye taya nne zinazobana kwa pamoja. Inunue iliyo na uzi wa mashine yako. Taya zake hushika kitako cha bakuli ukikitengeneza kwa kipimo chake, na hilo linakupa nafasi ya kuchimba ndani bila skrubu.

Patasi. Lile sanduku la nane liacheni dukani. Katika nane zangu nilitumia tatu, na chuma chake kilikuwa cha kuchekesha. Chukueni chache za chuma kinachoitwa haispidi. Chuma hiki kilionyeshwa na Frederick Taylor na Maunsel White kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1900, kikikata chuma kingine huku ncha imekuwa nyekundu kwa joto na bado ikawa ngumu. Kwetu faida yake ni kwenye jiwe la kunolea: patasi ya chuma cha kawaida ikigeuka bluu pale kwenye jiwe, ugumu umekwenda. Haispidi inastahimili.

Kwa kuanzia chukueni bobari tatu, yaani patasi zenye mfereji, na moja ya kukatia. Bobari pana ni ya kuondoa pembe za mti uliobanwa kati ya kichwa na mkia, na ibaki hapohapo. Shingo yake inapoingia kwenye mpini ni bapa jembamba. Ukiipeleka kwenye bakuli inaweza kuvunjika, na vipande viwili vya chuma vitakwenda visikojulikana. Ya pili ni nyembamba, ya mapambo na mipini. Ya tatu ni ya bakuli, ina mfereji mrefu kwenye chuma nene cha duara. Hii muwe waangalifu mkiagiza: Waingereza hupima upana wa mfereji, Wamarekani hupima unene wa chuma chenyewe, kwa hiyo ile inayoitwa tatu ya nane Uingereza inaitwa nusu inchi Marekani. Ni patasi ileile. Ile ya ubapa wenye makali ya mshazari, ambayo wakongwe huisifu, ngojeni. Inatoa uso laini kama yai na inaadhibu kosa la nusu milimita. Mimi mwenyewe bado hainipendi.

Kuna kijana aliniuliza pale mlangoni kuhusu patasi zenye kipande kidogo cha kabaidi, kitu kigumu kuliko chuma cha patasi, ambacho kikibutuka unakizungusha, hunoi. Ni swali zuri. Zinafanya kazi, na siku ya kwanza utatengeneza kitu. Tatizo langu nazo ni kwamba nyingi zinakwangua badala ya kukata, kwa hiyo uso unabaki na manyoya na muda wako unaishia kwenye msasa. Na hujajifunza kunoa. Utakuja kujifunza tu, ila umechelewa.

Kunoa ndiko kulikobaki, na ningeweza kuzungumza hapo mpaka jioni. Bobari ya bakuli kwenye mti mgumu inaweza kutaka jiwe kila baada ya dakika chache. Unashangaa, lakini fikiria: bakuli la inchi 10 kwa mizunguko 800 linapitisha zaidi ya mita 600 za mti mbele ya makali kwa dakika moja. Kisu gani cha jikoni kinafanya hivyo? Kwa hiyo jiwe la kunolea la umeme liwe karibu na mashine, hatua mbili, maana likiwa chumba kingine hutakwenda. La mwendo wa taratibu ni bora, kama mizunguko 1425 kwa dakika. La 2850 linakula patasi upesi. Jiwe jeupe la alumina linafaa kuliko la kijivu. Na nunueni au tengenezeni kishikilio cha kunolea kinachoirudisha patasi kwenye pembe ileile kila mara. Wako watakaokuambia fundi wa kweli hunoa kwa mkono mtupu. Wamenoa miaka 30. Wewe una wiki tatu. Bobari ya bakuli ikae nyuzi 55 hivi, ya mipini 40, na cha muhimu zaidi ni kwamba leo iwe sawa na jana.

Vya kujikinga navyo sivirudii rudii. Ngao ya uso, nzima, wala miwani peke yake haitoshi. Barakoa ya vumbi halisi: shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Maranda marefu hayana neno. Ni vumbi la msasa linaloua polepole. Glavu hapana. Pete hapana, mikono mirefu hapana, nywele zifungwe. Ukipaka mafuta kitu kinachozunguka tumia karatasi, usitumie kitambaa. Karatasi inachanika, kitambaa kinakuja na kidole.

Na mti wa kujifunzia? Mbichi. Tawi lililoanguka, shina lililokatwa juzi. Mti mbichi unakatika kama siagi, hauna vumbi, na haukuumi moyo ukiuharibu. Utapinda ukikauka, hiyo ni tabia yake. Ukitaka bakuli la kudumu, likereze nene kwanza, ukuta uwe sehemu moja ya kumi ya kipenyo, inchi moja kwa bakuli la inchi 10. Liache likauke miezi kadhaa, kisha lirudishe kwenye mashine ulimalizie. Mpingo wacheni. Ni mzito hadi unazama majini, unafuta makali, na vumbi lake huwasha ngozi za watu. Mpingo unataka mkono uliokwisha kukosea sana kwenye miti mingine.

Basi, mwenyekiti ananionyesha saa. Nitaiwasha.

Lakini kwanza tazameni mikono yangu. Mkanda uko puli ya chini. Mkia umekazwa. Egemeo limekazwa, nimeliegemea, halijateleza. Nauzungusha mti kwa mkono, mzunguko mmoja kamili, unaona? Haugusi popote. Kitasa cha kasi kiko mwisho wa chini. Ngao nimeshusha.

Na wewe ndugu yangu mwenye shati la bluu, umesimama usawa kabisa na gogo. Sogea kushoto, hatua tatu. Nne. Hapo hapo.